Ruhusa Iliyoishia Migombani

Juzi asubuhi mzee mmoja anayeuza mkaa alipita nyuma ya chumba changu hapa Iringa akakohoa mara mbili. Kilikuwa kikohozi cha makusudi, cha mtu asiye na mafua wala kifua, ila anataka ijulikane kwamba anapita. Nilikuwa kwenye cherehani. Kabla sijajua ninachofanya, nikapaza sauti: "Mama! Babu huyo!"

Watoto wa jirani walicheka. Mimi sikucheka. Mama tumemzika mwanzoni mwa mvua, na babu alitangulia miaka mingi nyuma. Nilikaa pale na kitambaa mkononi, mshono umepinda, nikawa mtoto wa miaka minane tena, nimesimama katikati ya migomba na maneno ya watu wawili mdomoni.

Naomba niwasimulie jambo nililolifanya wakati ule. Sijawahi kumsimulia mtu.

Baba yangu alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe na mama yangu Mhehe wa kijiji kimoja nje ya mji wa Iringa. Walikutana Mafinga, baba akiwa fundi kwenye mashine ya mbao. Walipooana baba alimleta mama kwao Rungwe, kwenye nyumba ya udongo chini kidogo ya nyumba ya baba yake, kisha yeye akapata kazi ya useremala Mbalizi. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote tulikuwa sisi: babu nyumba ya juu, peke yake kwa kuwa bibi alikwishafariki; mama, mimi na mdogo wangu wa mgongoni nyumba ya chini; na katikati migomba, mizito na yenye maji, ukipita asubuhi unatoka umelowa mpaka kiunoni.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mwanamke haonani uso kwa uso na baba mkwe wake. Hawaongei. Wakikutana njiani ghafla, mwanamke anaiacha njia, anachutama majanini na kugeuza uso mpaka mzee apite. Siku hizi wengi wamelegeza. Babu hakulegeza. Na mama, ambaye hakutaka isemwe kwamba Wahehe hawana adabu, aliishika mila ile kuliko hata waliozaliwa nayo. Babu akikohoa njiani, mimi napiga kelele, mama anatupa mchi au mwiko au chochote alichoshika na kupotelea nyuma ya nyumba. Mara moja alipotea na mwiko wenye ugali wa moto, akarudi na lengelenge kiganjani.

Kwa hiyo mimi nilikuwa mdomo wao. Mama alipika, mimi nikapeleka. Babu alisema, mimi nikarudisha. Yeye alisema Kinyakyusa, ambacho mama alikisikia kwa kubahatisha, mimi nikakigeuza Kiswahili. Na hapo ndipo ubaya wangu ulipoanzia, maana niliwapenda wote wawili na nikaona kazi yangu ni kulainisha.

Babu akitafuna maharage ya mama anasema, "Mwambie mama yako haya yanafaa kuchezea bao."

Nikifika chini mama anauliza, "Kasemaje?"

"Kasema matamu. Asante."

Mama anafurahi, kesho anapika vilevile. Babu anaonja, anaweka bakuli chini, ananitazama. "Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Haya. Wahehe walimsumbua Mjerumani miaka na miaka, mimi nitawaweza kwa maharage?"

Ikaendelea hivyo karibu mwaka mzima. Babu alimwona mkwe wake mkaidi, mama alimwona mkwe wake mzee mwenye meno mazuri.

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kutuchangamsha, shangazi Bupe, dada yake baba, aliyeolewa ng'ambo ya kijito. Akija, sauti yake inatangulia na ule utani kwamba Wahehe hula mbwa: "Wifi! Mbwa wetu hajaonekana tangu jana. Mmelala mmeshiba nini huku?"

"Mbwa wenu amekonda wifi," mama anajibu bila kuinua kichwa. "Hata kwa utani hatoshi chungu."

Wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mama hakucheka hivyo na mtu mwingine pale kijijini.

Sasa, Jumatatu moja alasiri alikuja kijana aliyeshuka kwenye basi na barua. Simu za mkononi bado zilikuwa za watu wa mjini. Mama aliisoma akiwa amesimama, kisha akaisoma akiwa amekaa. Ilitoka kwa mjomba. Mama yao, bibi yangu wa Iringa, alikuwa hawezi tena kula vizuri, na alikuwa akimtaja mama kwa jina kila anapoamka.

Mama alifunga kitenge vizuri akaniita. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kasoro alikuwa akiongea polepole kama mtu anayebeba maji yaliyojaa.

"Nenda kwa babu yako. Piga magoti. Mwambie mama yangu anaumwa sana, namwomba ruhusa niende kesho asubuhi. Mtoto nitaenda naye mgongoni. Wewe utabaki kwa shangazi Bupe."

Niliyasikia yote, lakini lililoniingia ni lile la mwisho.

Nilikuwa na rafiki anaitwa Lugano. Mama yake alikuwa mtu wa Njombe. Mwaka uliotangulia alikwenda kwao kusalimia, akamchukua mtoto wa mgongoni, akamwacha Lugano. Mpaka siku ile Lugano alikuwa akianza maneno yake hivi: "Mama akirudi." Tulikuwa tumeacha kumjibu. Nilipopanda kwa babu migomba ilikuwa ikidondosha maji ingawa mvua ilikatika, nami nilijua kwa uhakika wa mtoto kwamba mama akipanda basi lile nitakuwa Lugano.

Babu alikuwa akichonga mpini wa jembe. Nilipiga magoti nikasema ujumbe wote, neno kwa neno. Sikuuharibu. Babu aliweka panga chini.

"Kwa nini aombe?" akasema. "Mwambie aende. Kama gari lipo leo aende leo. Mama ni mmoja." Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, nikasikia panga likikata. Alirudi na mkungu wa ndizi, mpevu, mzuri, akauweka miguuni kwangu. "Huu akampelekee mama yake. Mwambie umetoka kwangu."

Niliubeba mkungu ule kichwani mpaka katikati ya migomba. Ulikuwa mzito. Nikautua nipumzike, na nilipokuwa nimepumzika nikafanya uamuzi, kama mnaweza kuuita uamuzi. Niliusukuma chini ya mgomba, nikaufunika na majani makavu. Kisha nikashuka.

Mama alikuwa mlangoni, kikapu kimeshatolewa, kanga mbili zimeshakunjwa ndani yake.

"Kasemaje?"

"Kasema usubiri mpaka baba arudi."

Mama alinitazama muda, nikadhani ameona, lakini alikuwa akitazama mbali kuliko mimi. Baba alikuwa na siku kumi na mbili kabla ya kurudi. Alitoa kanga moja kutoka kwenye kikapu. Ya pili aliiacha humo.

Jumanne alinituma tena. "Mwambie naomba kwa mara ya pili. Mwambie sitalala huko zaidi ya juma." Nilipanda mpaka penye mkungu, nikachutama, nikahesabu vidole vyangu vya mikono na miguu mara nyingi, nikashuka.

"Kasema amesikia. Subiri."

Mchana nikampelekea babu chakula. Alitazama bakuli, akanitazama mimi. "Nani kapika?"

"Mama."

"Hajaondoka?"

"Anafua nguo kwanza."

Jumatano akauliza tena, nikajibu vilevile, maana uongo wangu ulikuwa mchache na nilikuwa nimeshautumia.

"Anafua nguo za Iringa nzima?" babu akasema. Hakula siku ile. Nilirudi na bakuli limejaa, nikayala mwenyewe njiani maharage yale, mama asijue kwamba mzee kasusa. Yalikuwa magumu kweli.

Nyumbani mama aliacha kuimba. Alitwanga kila siku, hata mahindi ambayo hatukuyahitaji, na mchi ulikuwa ukipiga kwa nguvu mpaka kuku wakahamia upande wa pili. Mboga alizitia chumvi mara mbili. Alimsemesha mdogo wangu Kihehe, lugha ambayo kwa kawaida aliificha pale kijijini, na mimi, niliyeijua kidogo, nilimsikia akimwambia mtoto wa miezi saba kwamba kwao mtu akiitwa na mama yake anakwenda, haombi. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo mara kadhaa. Lakini uongo ukiulaza siku moja unaamka mkubwa kuliko wewe, na kila saa iliyopita ilikuwa inauongezea kimo.

Mtauliza kwa nini asiondoke tu. Nami niliwahi kujiuliza. Alikuwa mgeni kwenye nyumba ya watu, mume hayupo, na aliamini mwenye mji amemkatalia. Angeondoka bila ruhusa angeonekana amekimbia ndoa. Huenda angesubiri shangazi Bupe aje siku ya soko amwombee, lakini soko lilikuwa Jumamosi.

Alhamisi mchana nilikuwa nimekaa karibu na kinu nikipembua mchele. Mama alikuwa akitwanga. Sikusikia kikohozi. Nilisikia majani ya migomba yakisukumwa, nikainua macho, babu yuko uani kwetu.

Hakuwa amewahi kufika pale tangu nizaliwe.

Mama alimwona wakati uleule. Hapakuwa na muda wa kukimbia. Aliachia mchi, akachutama pale pale nyuma ya kinu, akajifunika kitenge kichwa kizima, na mtoto mgongoni akafunikwa pia, akaanza kulia gizani mle. Babu aligeuka haraka akatupa mgongo, akabaki ameelekea migomba yake, mikono nyuma, fimbo ikining'inia.

Kisha akasema kwa Kiswahili. Nilidhani hakijui. Kumbe alikijua vizuri, cha watu waliowahi kufanya kazi mbali.

"Mama Tusekile. Siku tatu nasikia kinu chako. Nilisema uende, hukwenda. Nilikupa ndizi za mama yako, sikusikia hata ndaga, na hiyo ndiyo asante ya hapa, unaijua. Kama nimekukosea, nieleze. Mtu hakatai ruhusa ya kwenda kwa mama mgonjwa mpaka awe na kitu moyoni."

Mtoto aliendelea kulia. Mama hakuwahi kumjibu baba mkwe wake neno hata moja katika miaka tisa ya ndoa. Nilimsikia akivuta pumzi chini ya kitenge.

"Baba," akasema akiiambia ardhi, "niliambiwa nisubiri."

Basi. Nilikuwa na ungo mapajani na punje moja ya mchele kati ya vidole, sikuweza kuiweka wala kuitupa. Watu wazima wawili, mmoja amegeuka na mwingine amefunikwa, hawakunitazama, na bado sijawahi kutazamwa namna ile.

"Tusekile," babu akasema akiielekea migomba.

"Babu."

"Kalete ule mkungu."

Hakuuliza uko wapi. Nilikimbia nikaufunua. Ndizi za juu zilikuwa zimeanza kuwa njano, na mchwa walikuwa wameshaonja kikonyo. Niliuburuta mpaka uani. Niliutua kati ya mgongo wake na kitenge cha mama, nikasubiri fimbo.

"Kesho asubuhi gari la kwanza," babu akasema. "Na huyu uende naye. Akamwone mtu aliyekuwa akimzuilia mtoto wake."

Akaondoka. Mara hii alikohoa mfululizo mpaka akafika kwake, kama anayefuta alichokifanya.

Mama alijifunua. Nilifumba macho. Kofi halikuja. Nilipofumbua alikuwa ameshaingia ndani, kikapu kiko kitandani, anakunja kanga.

Tulisafiri Ijumaa. Mama hakuniongelesha mpaka Mbeya, hakuniongelesha mpaka Igawa. Nilikaa dirishani nimebana magoti, mkungu uko chini ya miguu yetu. Tulipokaribia Makambako baridi ilianza kuingia, akanifunika upande wa kanga yake, kisha akauliza akitazama mbele:

"Na maharage yangu. Babu yako husemaje hasa?"

Nilimwambia. Yanafaa kuchezea bao. Nilimwambia na la Mjerumani. Mama aliziba mdomo. Mabega yakaanza kucheza, machozi yakamtoka, abiria wa kiti cha mbele akageuka kutazama huyu mama ana nini. Alicheka mpaka ikawa siyo kicheko tena, akaegemeza kichwa kwenye kioo, na mimi nikalia pia, kwa sababu sasa nilikuwa nimesema kweli yote na haikuwa imetusogeza Iringa hata hatua moja.

Tulifika jioni. Mjomba alitupokea njiani. Alimwambia mama, bila ubaya, kwamba Jumanne na Jumatano bibi alikuwa akikaa, anakula uji, anasimulia mambo ya zamani, watu wanacheka. Tangu jana amelala tu. Mama aliitikia, "Ee." Alinishika mkono tukaingia.

Bibi alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Chumba kilinuka moshi na mafuta ya kuchua. Mama alipiga magoti karibu na kitanda akamsalimu Kihehe. "Kamwene, mama."

Bibi alifumbua macho. Alichukua muda kumjua. Kisha akauliza swali lile ambalo nilikuwa nimelisubiri tangu Rungwe, nikiwa nimejibanza kwenye nguzo ya mlango:

"Mbona umechelewa, mwanangu?"

Mama yangu hakuwa mtu wa uongo. Alikuwa anaweza kumrudia mwuzaji sokoni kumwambia umenizidishia nyanya. Nilimwona akigeuza uso kidogo, akanipata pale mlangoni, akarudi kwa mama yake.

"Barabara, mama," akasema. "Barabara ilikuwa mbaya."

Mjomba, ambaye Jumatano alikuwa amepokea mgeni kutoka Mbeya kwa barabara hiyohiyo, alimtazama tu. Bibi akasema, "Masikini, na mtoto mgongoni," akamshika kichwa. Akauliza ndizi zile zimetoka kwa nani. Mama akamwambia zimetoka kwa mkwe wangu, mzee mwema. Hilo halikuwa uongo.

Bibi alifariki Jumapili mchana.

Tuliporudi Rungwe tulikuta kijiji kinasema. Wazee walikuwa wamemwita babu wamuulize imekuwaje mtu wa umri wake aende kusimama kwenye ua wa mkwe wake na kumsemesha. Shangazi Bupe ndiye aliyetusimulia jibu lake, akimwigiza mpaka fimbo: "Mimi sikusema na mkwe. Nilikwenda kusema na migomba yangu. Kama kulikuwa na mtu nyuma akasikia, hayo ni masikio yake." Wazee walicheka, mambo yakaisha. Baba naye aliambiwa kitu fulani, sijui nini wala na nani, kwa sababu hakuwahi kuniuliza. Babu na mama walirudi kwenye mila yao, wakaishi nayo mpaka babu alipofariki. Maharage yakalainika. Mimi nikaendelea kupeleka na kurudisha. Hilo nilishangaa. Nilidhani watatafuta mdomo mwingine. Lakini mama alinituma kesho yake tu, akanipa ujumbe mrefu kuhusu mbegu za viazi, nami nikaupeleka huku nikiurudia kwa sauti njia nzima.

Kwa muda mrefu nilifikiri mama alisema ule uongo wa barabara ili kujiokoa na aibu. Nilipozaa ndipo nilipoona kwamba alikuwa na saa chache za kukaa na mama yake, na hakutaka hata dakika moja ya hizo itumike kunichukia mimi.

Na lingine sikulijua mpaka mwaka huu. Kwa mtoto wa miaka minane siku tatu ni kitu kidogo, ni Jumanne mpaka Alhamisi, unalala unaamka zimepita. Nilijua nilimwibia mama siku, lakini sikujua ndani ya siku mna nini. Mwaka huu nimemuuguza yeye, hapa kwenye chumba hiki, yeye kitandani na cherehani pembeni. Kuna siku alimaliza kikombe kizima cha uji. Kuna siku alinikosoa nilivyokunja kanga. Kuna siku aliamka akataka nimsuke, nywele zenyewe chache, tukachukua asubuhi yote, akanisimulia jinsi bibi alivyokuwa akimvuta masikio akitingishika wakati wa kusukwa. Baada ya hapo hakuongea tena sana.

Wiki ya mwisho nilianza kumwambia. "Mama, zile siku tatu." Alifumba macho. Nilingoja kidogo, nikamwita. Hakuitika. Mkono wake ulikuwa mkononi mwangu na ulikuwa umenishika kwa nguvu, siyo mkono wa mtu aliyelala.

Sikumaliza kusema. Nimemaliza leo, kwenu.